Ruhusa, Amri na Leseni: Historia ya Kazi za Uwanja wa Nyumba katika Shinyanga na Geita

Historia ya nyumba katika Afrika ya Mashariki imepata waandishi wengi, lakini historia ya uwanja unaoizunguka nyumba haijapata bado. Uwanja huo ni kipande cha ardhi kilicho kati ya ukuta wa chumba na njia ya watu wote. Hapo huchimbwa mtaro wa maji ya mvua, hujengwa ukuta wa mawe wa kuzuia udongo usiporomoke, husawazishwa mteremko, hukatwa ngazi, tena hupandwa ua wa minyaa. Kazi hizi ni za ujenzi, maana zikifanywa vibaya zaweza kuiangusha nyumba. Vilevile ni kazi za ardhi, maana zikifanywa vibaya humwaga maji katika nyumba ya jirani. Kwa kuwa zimesimama baina ya mambo mawili, sheria zilizotungwa kwa ajili ya nyumba ziliziona kwa mbali, na sheria zilizotungwa kwa ajili ya shamba au mgodi hazikuziona kabisa.

Swali la kihistoria ni hili: nani alikuwa na haki ya kuzifanya kazi hizi, na haki hiyo aliipata kwa nani? Katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita swali hili limejibiwa kwa maneno manne kwa nyakati mbalimbali, nayo ni ruhusa, kibali, amri na leseni. Maneno haya hutumiwa leo kana kwamba maana yake ni moja au yakaribiana sana. Lakini mtu akiyafuata katika historia ataona kwamba kila moja lilikuja na swali lake. La kwanza liliuliza juu ya mahali, la pili juu ya mchoro, la tatu juu ya utii, na la nne lauliza juu ya mtu na mali yake. Ataona pia kwamba swali moja, ambalo kwa mwenye nyumba ndilo kubwa kuliko yote, yaani maji yataelekea wapi, lilikuwamo katika neno la kwanza na limekuwa likififia hadi kufikia neno la mwisho.

I. Ardhi na ruhusa

Asiyeijua ardhi ya Usukuma hawezi kuielewa desturi yake ya kujenga. Nchi hii ina vilima vya mawe ya matale, na chini ya vilima hivyo udongo hubadilika kwa utaratibu kadiri mteremko unavyoshuka. Karibu na mawe upo udongo wa mchanga ambao Wasukuma huuita luseni. Chini zaidi upo udongo mgumu usiopenyeza maji upesi, uitwao ibambasi. Bondeni kabisa ipo mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyesafiri katika Tanganyika kuanzia Desemba 1935 hata Februari 1936, alieleza kwamba udongo wa mteremko mmoja hufuatana kama pete za mnyororo, akaupa mfuatano huo jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, catena. Jina hilo lilienea duniani pote katika elimu ya udongo. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya pete zenyewe kabla ya mnyororo kupata jina.

Majina hayo hayakuwa ya kulimia tu. Yalikuwa pia mwongozo wa kujenga. Nyumba zilikaa juu, penye luseni, ambapo maji huzama na ukuta husimama. Mbuga iliachiwa ng'ombe na, baadaye, majaruba ya mpunga, kwa sababu nyumba iliyojengwa juu yake hupasuka pamoja na ardhi inayoibeba. Mvua za Shinyanga si nyingi, ni baina ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, lakini hunyesha kwa nguvu na kwa muda mfupi. Mahali penye mvua ya namna hiyo, hatari ya nyumba ni maji yapitayo juu ya ardhi kuliko maji yaangukayo juu ya paa.

Mtu aliyetaka kukaa kijijini alimwendea ng'wanangwa, aliyekuwa mkuu wa kijiji chini ya mtemi. Lakini neno la ng'wanangwa peke yake halikutosha. Alikuwapo pia nsumba ntale, kiongozi wa vijana, ambaye ndiye aliyewaita watu katika kazi za pamoja. Mgeni asiyekubaliwa naye alikaa bila mikono ya kumsaidia kuezeka, kuvuna wala kuzika. Kwa hiyo ruhusa ya kukaa ilikuwa ruhusa ya watu wengi, nayo ilitolewa mahali penyewe, miguu ikiwa juu ya udongo unaozungumzwa. Wasukuma walikuwa na maneno yao wenyewe kwa jambo hili. Neno ruhusa latumika hapa kwa kulitaja jambo lenyewe kwa Kiswahili. Ruhusa hiyo haikuandikwa, wala haikuuliza kama mjenzi ana ujuzi, kwa maana kila mtu mzima alidhaniwa kuwa nao. Iliuliza mahali: njia ya ng'ombe yapita wapi, ua utafika wapi, na maji ya juu yatashukia kwa nani.

Isidhaniwe kwamba utaratibu huu ulikuwa wa haki kwa kila mtu. Ruhusa iliweza kunyimwa kwa chuki. Mgeni alikaa kwa hisani, na hisani huweza kwisha. Mwanamke aliipata ardhi kwa kupitia mume au baba, na mumewe akifa neno lake lilikuwa dogo. Lakini ubaya huo ulikuwa wa wale waliotoa ruhusa. Swali lililoulizwa lilikuwa swali lililofaa.

II. Mji na kibali

Utawala wa Waingereza uliigawa nchi katika sehemu mbili kwa mstari wa mipaka ya miji. Sheria ya miji ya mwaka 1920 iliipa serikali uwezo wa kutangaza mahali fulani kuwa mji, na kanuni za ujenzi za mwaka 1930 ziliwataka wakazi wa miji hiyo kupata kibali kabla ya kujenga. Nje ya mstari ule ilitawala Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa wakati wa Gavana Donald Cameron, na kazi ya kujenga iliachwa katika mikono ya watemi na wakuu wao. Shinyanga ilikuwa na nchi zote mbili. Mji mpya ulikua kando ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, na hatua chache kutoka mpakani mtu aliweza kujenga kwa ruhusa ya zamani bila karatasi yo yote.

Neno kibali lastahili kutazamwa. Asili yake ni shina la Kiarabu lenye maana ya kukubali, na katika Kiswahili cha zamani kibali kilikuwa kwanza ile hali ya kupendeza na kukubalika mbele ya mtu au mbele ya Mungu. Katika ofisi ya mji neno hili lilipata mwili wa karatasi. Aliyekubaliwa hakuwa mtu tena, bali mchoro wake. Kanuni za miji zilihangaikia zaidi afya: nafasi kati ya nyumba na nyumba, mwanga, choo, unene wa ukuta. Sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1956 ilipanua jambo hili, ikaifanya ardhi yote iliyomo katika eneo la mpango kuwa ardhi isiyoweza kujengwa bila idhini ya mamlaka. Hata hivyo mchoro huonyesha nyumba itakavyokuwa siku ya kwanza. Uwanja wa nyumba haumaliziki siku ya kwanza. Ukuta wa kuzuia udongo hujengwa baada ya mvua ya pili au ya tatu kumwonyesha mwenye nyumba mahali udongo unapokimbilia, na siku hiyo kibali kimekwisha kuwekwa katika sanduku.

Karibu na miji ya serikali ilikuwapo miji ya namna nyingine. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi mwaka 1966, na huko Mwadui, John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Katika miji ya migodi kampuni ilikuwa mwenye ardhi, mjenzi, na mtoa ruhusa kwa wakati mmoja. Wenyeji walioajiriwa kujenga kuta, kutengeneza mitaro na kutunza bustani hawakuulizwa kibali wala leseni, kwa kuwa walikuwa watumishi. Mtu aliyejifunza kazi kwa namna hiyo alitoka na ujuzi mkononi, lakini hakutoka na karatasi ya kuuthibitisha. Jambo hili litaonekana tena mbele.

III. Amri

Neno la tatu lilitoka shambani, lakini lilifika hata mlangoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali iliona kwamba Usukuma una watu na ng'ombe wengi kuliko ardhi iwezavyo kustahimili, na mwaka 1947 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ukisaidiwa na shirikisho la watemi lililokuwa na makao yake Malya. Sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa kuwahamisha watu waende Geita, ambako misitu ilikuwa ikifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Kufyeka hakukuwa jambo geni: tangu miaka ya 1920 Charles Swynnerton, mkuu wa uchunguzi wa mbung'o aliyekaa Shinyanga, alikuwa amefanya kazi hiyo kwa nguvu za maelfu ya Wasukuma walioitwa na watemi wao. Tofauti ni kwamba kazi ya Swynnerton ilitumia mwito uliozoeleka, na mpango wa mwaka 1947 ulileta orodha ya masharti.

Masharti hayo yaliwataka watu kulima kwa matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, kutia samadi, kupanda mihogo kwa ajili ya njaa, na kupunguza mifugo. Asiyefuata alitozwa faini katika baraza la wenyeji. Ni lazima kusema kwa haki kwamba maarifa yaliyokuwamo yalikuwa mema. Majaribio yaliyofanywa katika kituo cha Ukiriguru yalionyesha kwamba tuta lililofungwa huyashika maji mahali yalipoangukia, na jambo hilo ndilo lile lile ambalo ruhusa ya zamani ililiangalia. Swali la maji lilikuwamo katika amri, lakini lilikuwamo kama jibu lililokwisha kutolewa na mtu mwingine. Mkulima hakuulizwa, aliambiwa.

Matokeo yanajulikana. Chama cha TANU kilinyimwa kuandikishwa katika Jimbo la Ziwa tangu mwaka 1954 hadi mwaka 1958, na manung'uniko yaliyokosa mlango wa siasa yalijikusanya katika mambo ya ardhi na mifugo. Mwaka 1958 serikali ilipoleta Geita baraza la wilaya la watu wa rangi mbalimbali, watu walikataa, wakakusanyika kwa maelfu, wakaandamana hata Mwanza, na polisi wakatumia moshi wa kutoa machozi. Baraza lile halikudumu, na nyingi katika amri za kilimo zililegezwa. Pamoja na amri mbaya yalitupwa pia maarifa mazuri: miaka mingi baadaye tuta lilikumbukwa na wazee kama alama ya faini kuliko kama kinga ya udongo. Watu wakilazimishwa kufanya jambo jema bila kuulizwa, huweza kulichukia jambo lenyewe pamoja na anayewalazimisha. Historia ya Geita ni ushahidi wa hilo.

IV. Kuhama na kurudi

Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria. Ng'wanangwa akaondoka pamoja na mtemi, na nafasi yake katika jambo la ardhi ikachukuliwa na kamati za kijiji. Miaka kumi na zaidi baadaye ilikuja hatua kubwa zaidi. Katika Operesheni Vijiji, iliyofika Shinyanga mwaka 1974, watu walihamishwa kutoka kaya zilizotawanyika juu ya miteremko, wakapangwa katika vijiji vyenye nyumba za mistari kando ya barabara. Mstari wa barabara haukuuliza kama pale ni luseni au ibambasi. Familia nyingi zilijikuta na uwanja ambao maji yake hayakuwa na njia ya kale ya kupita, na jirani aliyepewa mahali pake na mpango, bila yeye wala wao kuchagua.

Hasara moja ya uhamisho huo ilipata jina. Kabla yake, kaya nyingi zilikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Watu walipohamishwa, ngitili ziliachwa bila mwenyewe, miti ikakatwa, na ardhi ikabaki tupu. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mwanzoni wataalamu walitia mkazo katika kupanda miche. Baadaye waliona kwamba ngitili ya wenyeji hurudisha miti kwa gharama ndogo kuliko kitalu, nao wakaiacha desturi ifanye kazi. Hesabu zilizochapishwa zasema kwamba ngitili zilizojulikana mwaka 1986 zilikuwa hekta 600 hivi, na kwamba mwanzoni mwa karne hii zilipita hekta 300,000.

Jambo la kuangalia hapa ni mkono ulioshika ruhusa. Ngitili ilifungwa na kufunguliwa na mwenye kaya au na kijiji, kwa masharti yaliyotamkwa kwa Kisukuma na Kiswahili mbele ya watu walioyajua mahali yenyewe. Maarifa yale yale ya kuzuia udongo, yaliyokataliwa mwaka 1958 yalipokuja kwa amri, yalikubaliwa baada ya mwaka 1986 yalipokuja kwa ruhusa. Udongo haukubadilika katika miaka ile. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

V. Leseni

Neno la nne ni geni kuliko yote, nalo lilitoka katika Kiingereza. Mwaka 1972 zilitungwa sheria mbili zinazohusu jambo hili: moja ya leseni za biashara, na nyingine iliyounda bodi ya taifa ya wasanifu majengo, wakadiriaji majenzi na wakandarasi wa majengo. Mwaka 1997 kazi ya bodi hiyo iligawanywa, na Bodi ya Usajili wa Makandarasi ikasimamishwa kwa sheria yake yenyewe. Tangu hapo hakuna aruhusiwaye kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa. Makandarasi hupangwa kwa aina za kazi na kwa madaraja, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi inayoweza kuchukuliwa. Anayeomba daraja huulizwa elimu ya wataalamu wake, vifaa vyake na uwezo wake wa fedha.

Masharti haya yana sababu nzuri. Ukuta wa mawe wenye kimo cha mtu, ukijazwa udongo mbichi nyuma yake bila tundu la kutolea maji, ni hatari kwa watoto wachezao chini yake, na mteja wa kawaida hana njia ya kumpima fundi kabla ukuta haujaanguka. Taifa lina haki ya kudai ushahidi wa ujuzi. Lakini inafaa kutazama ni nani hasa hujenga viwanja vya nyumba katika Shinyanga, Kahama na Geita. Kwa kawaida mwenye nyumba hununua mawe, mchanga na saruji mwenyewe kidogo kidogo, kisha humwita fundi na kumlipa ufundi tu. Fundi huyo hana kampuni. Kwa bodi yeye si mkandarasi. Kwa ofisi ya biashara si mfanyabiashara. Kwa mji si mwombaji wa kibali, maana mwombaji ni mwenye kiwanja. Kazi yake yaonekana na kila mtu, lakini yeye mwenyewe haonekani katika daftari lo lote.

Katika ukanda wa dhahabu jambo hili lina upande mwingine tena. Mawe na mchanga ni madini ya ujenzi kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama yalivyokuwa chini ya ile ya mwaka 1998 iliyotangulia, na kuyachimba kwa biashara kwahitaji leseni. Huko Geita, ambako mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000 na ambako mkoa mpya ulitangazwa mwaka 2012, neno leseni likitajwa bila maelezo wasikilizaji wengi hufikiri kwanza leseni ya kuchimba. Wachimbaji wadogo wana maneno yao ya kuzuia ardhi: duara ni shimo wanaloshuka, na matimba ni magogo yanayozuia kuta zake zisifunike watu. Mtu aliyekaa miaka mingi akipanga matimba ameijua nguvu ya udongo ulioloa kwa njia ambayo shule hazifundishi. Akiacha mgodi na kujenga ukuta wa kuzuia kilima nyuma ya nyumba, ujuzi wake hauna daraja la kuingizwa.

Kwa hiyo ukuta mmoja wa uwanja waweza kuguswa na karatasi nne: leseni ya jiwe, leseni ya biashara, usajili wa mkandarasi na kibali cha mji. Ya kwanza yauliza jiwe limetoka wapi. Ya pili kodi imelipwa wapi. Ya tatu mjenzi ana mali gani. Ya nne mchoro una sura gani. Mchoro mzuri waweza kuonyesha mtaro, lakini humwonyesha afisa mtaro ndani ya mipaka ya kiwanja tu, na maji hayaijui mipaka. Jirani aliye chini ya mteremko hatiwi katika karatasi hata moja. Yeye hupata nafasi ya kusema baadaye tu, mbele ya baraza la ardhi la kijiji lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, au mbele ya baraza la kata, wakati chumba chake kimekwisha kujaa tope.

VI. Lugha

Hapa ndipo historia ya kazi inapokutana na historia ya lugha. Kiswahili hakikuwa na upungufu wa neno. Ruhusa yatoka katika neno la Kiarabu rukhsa, na katika nchi nyingi za Kiarabu neno hilo hilo ndilo linalotumika hata leo kwa leseni ya kujenga iliyopigwa mhuri. Kama Waswahili wangetaka, ruhusa ingeweza kubeba karatasi. Lakini katika Kiswahili ruhusa imebaki kuwa jambo la mdomo baina ya watu wanaoonana: mgeni huomba ruhusa, mtoto huomba ruhusa. Ofisi ilipokuja na utaratibu mwingine, wasemaji waliona kwamba jambo si lile, wakalipa jina lake la kigeni. Kukopa kwao neno leseni kulikuwa hukumu ya busara juu ya tofauti ya mambo mawili.

Neno jingine laonyesha jinsi uwanja ulivyosahauliwa. Katika lugha ya ofisi za ardhi, kuendeleza kiwanja ni kujenga nyumba juu yake. Mtu aliyesawazisha mteremko, akajenga kuta mbili za mawe, akachimba mtaro na kupanda ua, lakini bado hajasimamisha nyumba, husemwa kwamba kiwanja chake hakijaendelezwa. Kazi ambayo kwa mkulima wa Usukuma ilikuwa ya kwanza, katika msamiati wa sheria haina hata jina. Wasomi wana usemi usanifu wa mandhari, lakini usemi huo ni wa mchoraji, na hauwafikii mwashi na mchimba mtaro. Mtu ambaye kazi yake haina jina hupata taabu kuiombea cheti.

Tena sheria zenyewe ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri zilizotangulia ikawa wajibu. Kabla ya hapo fundi wa Shinyanga aliweza kuambiwa kwamba amevunja sheria ambayo, hata akitaka, asingeweza kuisoma. Amri ya mwaka 1947 ilitamkwa barazani kwa lugha ya wenyeji. Sheria ya 1997 ilimfikia fundi kwa uvumi. Kwa kipimo hiki kimoja, amri iliyochukiwa ilikuwa wazi kuliko leseni iliyo ya haki.

Kazi ya kutafsiri sheria yaweza kufanywa kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutafuta neno la Kiswahili mahali pa kila neno la Kiingereza, na kuliacha swali la sheria lilivyokuwa. Ya pili ni kutumia nafasi ya kutafsiri ili kuuliza kama swali lenyewe limetimia. Mlango upo tayari. Mamlaka ya ufundi stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, nao hupimwa kwa kazi ya mikono yao. Mwashi wa Kahama au mpanga matimba wa Geita aweza kupimwa hivyo juu ya ukuta, mtaro na udongo, kwa maneno anayoyatumia, luseni na ibambasi yakiwamo. Na ofisi inayotoa kibali yaweza kumtaka mwenye nyumba alete, pamoja na mchoro, neno la jirani wa chini.

Luseni na leseni ni maneno mawili yasiyo na udugu. La kwanza ni la Kisukuma, la udongo ambao wazee waliutafuta kabla ya kusimamisha nguzo. La pili limetoka ng'ambo, la karatasi inayotafutwa leo kwa sababu hiyo hiyo, yaani ili nyumba isimame. Mwenye leseni asiyeijua luseni atajenga ukuta halali utakaoanguka. Mwenye kuijua luseni asiye na leseni atajenga ukuta imara, na siku ya kuulizwa hatakuwa na la kuonyesha. Sheria itakayoandikwa kwa Kiswahili itapimwa na mvua ya kwanza itakayoshuka kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine, na jirani wa chini ndiye atakayejua kama ilipoandikwa alikumbukwa.